Mwali Anasemaje

Mjukuu wangu alirudi kutoka mjini na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa karatasi ya kung'aa, akanisogezea puani. "Nusa, bibi. Hii ni liwa," akaniambia, kana kwamba ananijulisha na mgeni. Nilinusa, nikamrudishia, nikatoka kwenda kusimama uani nipate hewa. Wenzangu wa rika langu mliokulia pwani mtanielewa. Ninyi wengine mtadhani bibi kizee katishwa na sabuni.

Hiyo ndiyo harufu ya chumba nilichowekwa nilipovunja ungo. Nilisuguliwa liwa, ule unga wa mti wa msandali, asubuhi, nikasuguliwa tena jioni, na katikati nikakaa mkekani nikiinusa ngozi yangu mwenyewe mpaka nikaichukia. Dirisha lilizibwa kwa gunia. Mlango ulikuwa na pazia la kaniki, na nyuma ya pazia kulikuwa na nyumba nzima iliyoendelea kuishi, ikicheka, ikipika, ikigombana, mimi nikiisikia tu. Mpaka leo sipendi kulala chumba chenye pazia mlangoni, na wanangu wananiona mkaidi.

Tulikuwa tunakaa Kibiti, kwenye nyumba ya fito na udongo yenye kibaraza mbele, karibu na njia ya magari. Baba yangu alikuwa mtu wa Umatumbini. Alishuka kutoka vilimani akiwa kijana, akapata kazi ya mizani kwenye duka la Mhindi mmoja, kupima mpunga na korosho za wakulima. Hakuwa msemaji. Mama yangu alikuwa mtu wa Mbuchi, kule deltani kwenye mikoko, na alifariki kabla sijaweza kuishika sura yake akilini. Baba hakuoa tena. Uani kwetu waliishi pia baba mdogo na mkewe na binti yao Zaituni, ambaye nilikuwa nikienda naye shule.

Enzi hizo nchi ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na shule ya kati ilikuwa na wasichana wachache mno. Tulikaa benchi la mbele, machoni pa mwalimu, ili wavulana wasituchezee nywele. Kiingereza ndicho kilichokuwa kipimo cha kila mtu. Aliyekijua alionekana ana akili hata kama hajui kufunga kamba za viatu, na asiyekijua hakuulizwa lolote. Mwalimu wetu wa Kiingereza, kijana wa Utete ambaye kaptula yake ilipigwa pasi mpaka ikawa na makali, alikuwa na namna yake ya kutufundisha kauli halisi na kauli taarifa. Aliwasimamisha watoto watatu mbele ya darasa. Wa kwanza alisema sentensi kwa kunong'ona. Wa pili, aliyesimama mbali, aliuliza, "What does she say?" Wa tatu alisimama katikati na kazi yake ilikuwa kumfikishia. Wa kwanza akinong'ona, "I am hungry," wa katikati alipaza sauti, "She says that she is hungry." Kisha mwalimu aliligeuza swali likawa la wakati uliopita, na hapo kila kitu kilirudi nyuma hatua moja. Aliye na njaa akawa alikuwa na njaa, hapa pakawa pale, leo ikawa siku ile, kesho ikawa siku iliyofuata.

"Maneno yatabadilika," mwalimu alituambia kwa Kiswahili, kusudi asipatikane wa kusema hakuelewa. "Maana haibadiliki. Wa katikati haongezi wala hapunguzi."

Aliyepunguza alisimama konani mpaka kipindi kiishe. Mimi sikuwahi kusimama konani kwa kosa hilo. Wa katikati nilikuwa mimi karibu kila siku, kwa sababu nilikuwa hodari, na sioni haya kulisema maana ni kweli.

Basi nikavunja ungo. Zaituni ndiye aliyejua kwanza, na Zaituni hakuwa na kifua cha kuweka neno. Haukupita muda bibi yangu mzaa mama akawasili kutoka Mbuchi na mizigo yake, mchele, samaki wa ng'onda waliokaushwa wakakakamaa, na uamuzi wake. Mjukuu wake angewekwa ndani kama alivyowekwa mama yake na yeye mwenyewe. Akatafutwa somo wa kunifunda. Akapatikana Bi Tatu, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye sauti tamu na mikono myororo, aliyewafunda nusu ya wanawake wa mtaa ule.

Ni lazima niwaeleze jinsi nyumba yetu ilivyokuwa ikizungumza, maana bila hilo hamtaelewa. Baba na bibi walikuwa wakwe. Mtu na mkwewe wa kike hawatazamani usoni wala hawasemezani ana kwa ana. Mmoja akiwa kibarazani, mwenzake atakuwa uani. Kwa hiyo bibi alisema na Bi Tatu, na Bi Tatu akasema na baba. Mimi nami, kwa kuwa mwali, sikuruhusiwa kusema na mwanamume yeyote, hata baba yangu. Sauti yangu haikutakiwa kuvuka pazia. Ikisikika kibarazani, uali umeharibika, aibu imeipata nyumba, na mambo yanaanzwa upya. Kwa hiyo mimi nilimnong'oneza Bi Tatu, na Bi Tatu akasema na baba. Nyumba nzima ilipita kwenye mdomo wa mtu mmoja.

Siku ya kwanza tu nilimsikia akifanya kazi yake. Baba alikuwa kibarazani. "Mwambie mama," alisema, "mimi nakubali akae ndani, ila shule ikifunguliwa baada ya likizo, arudi. Nimeahidi." Bi Tatu akaburuta kandambili zake hadi uani. "Mkweo anasema amekubali," akamwambia bibi. Bibi akasema, "Vyema. Mwambie hatoki mpaka mpunga uvunwe, na akitoka anatoka kwa mume." Kandambili zikarudi kibarazani. "Mama anasema vyema," Bi Tatu akasema.

Kila mmoja alikwenda kulala akiamini mwenzake amemwelewa. Mimi nilibaki macho gizani nikiwaza kwamba Bi Tatu angesimama konani mwaka mzima.

Msicheke. Nilikuwa mtoto, na nilidhani kweli kosa lake ni la kutosoma. Nilidhani watu wote wa katikati duniani wanafungwa na kanuni ile tuliyofundishwa, na kama Bi Tatu anapunguza ni kwa sababu hakuwahi kuelekezwa. Hata nilipanga kumwelekeza. Siku moja joto lilikuwa kali, kichwa kinanigonga. Baba aliporudi kazini akauliza kutoka kibarazani, kama alivyouliza kila jioni, "Mwali anasemaje?" Nikamnong'oneza Bi Tatu polepole, neno kwa neno, "Naumwa na kichwa. Chumba kina joto. Naomba gunia litolewe dirishani." Akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Akatoka.

"Mwali hajambo," nikamsikia. "Anakushukuru kwa matunzo."

Aliporudi nikamkabili. "Bi Tatu, mimi sikusema hivyo."

"Najua, mwanangu."

"Sasa mbona umesema nimesema?"

Akacheka, akanishika kidevu. "Mwana wee, neno la mwali halitoki uchi. Ulitaka nimwambie baba yako kwamba mwali analia joto, aonekane hana nyumba ya kumweka binti? Mimi nalivika nguo, ndiyo kazi yangu. Nawe siku moja utakuwa somo wa mtu, utayajua haya."

Sikumchukia, na mpaka alipofariki sikuwahi kumchukia. Alinilisha kwa mkono wake nilipokataa kula. Lakini jioni ile niliingiwa na hofu ambayo sikuijua jina. Nilielewa kwamba naweza kusema lolote humo ndani, hata kupiga magoti na kuapa, na nje kitakachofika ni kwamba mwali hajambo na anashukuru.

Zaituni ndiye aliyeniokoa nisichanganyikiwe. Alikuwa bado kigoli, hajavunja ungo, na kigoli haruhusiwi kumwona mwali, basi akitoka shule alikuja nyuma ya nyumba na ungo wa mchele, akakaa chini ya kiwambaza changu akijifanya anachagua mchanga. Kulikuwa na ufa kwenye udongo. Kupitia ufa ule alinisomea mafunzo ya siku hiyo, nami ndani nikijibu kwa kunong'ona huku nikisuka ukili wa mikeka, maana mwali hakai mikono mitupu.

"'I am waiting for my father,'" Zaituni alisema.

"She said that she was waiting for her father."

"'I will come here tomorrow.'"

"She said that she would come there the next day."

"Lo! Umepatia zote. Huku nje tumekosa darasa zima."

Akishaondoka niliendelea peke yangu, na hapo nikagundua mchezo. Nilijisema mwenyewe, kisha nikajigeuza kuwa taarifa. Msichana mmoja alisema kwamba alikuwa kule ndani. Alisema kwamba siku ile kulikuwa na joto. Alisema kwamba siku iliyofuata angetoka. Nikiyasema hivyo, chumba kilisogea mbali kidogo, kikawa cha mtu mwingine na cha zamani, nami nikawa mkubwa mahali fulani ninayemsimulia. Nilijifariji nao mchezo huo siku nyingi. Kisha mbu akaniuma, nikajikuna, nikajikuta niko palepale kwenye mkeka.

Shule ilipofunga kwa likizo, Zaituni alikuja bila ungo. Alikuwa amekimbia, nilisikia pumzi zake. "Mwalimu kaniuliza habari zako," alisema ufani. "Kasema asiyekuwepo siku ya kufungua, nafasi yake anapewa mwingine. Wapo watoto wanaingoja. Mwambie baba mkubwa."

"Mwambie wewe. Mwambie nataka kurudi."

"Nimwambie mimi? Ataniuliza nimejuaje kama unataka kurudi. Nitapigwa." Kwa hili alikuwa na haki. Asingeweza kusema bila kujifichua kwamba alikuwa akisema na mwali.

Basi nikarudi kwa Bi Tatu. Nilimbembeleza. Nilimwambia habari ya nafasi, na mwalimu, na siku ya kufungua. Alisikiliza yote kwa huruma ya kweli, akanifuta machozi kwa upindo wa kanga yake, akatoka. Baba akauliza, "Mwali anasemaje?" Bi Tatu akajibu, "Mwali anasema yeye yuko mikononi mwenu." Baba akasema, "Haya." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetarajia jambo lingine, lakini angefanyaje? Aliambiwa mimi niko radhi.

Wageni wa Mbuchi walikuja alasiri moja kabla likizo haijaisha. Nilijua kuna jambo kwa sababu nilisikia harufu ya kahawa na tangawizi, na bibi alikuwa akiimba uani, naye si mtu wa kuimba. Mshenga alikuwa mzee mwenye sauti ya kukwaruza. Alizunguka sana, akasifu nyumba, akasifu kahawa, akasifu mizani ya baba kwamba haijawahi kumdhulumu mkulima, hatimaye akafika. Yule waliyemsemea alikuwa mpwa wa bibi, mtu mzima mwenye mashamba ya mpunga na mitumbwi yake. Mke wake wa kwanza alikuwa amefariki. Kule Mbuchi hakukuwa na shule ya kati wala njia ya kuiendea. Kulikuwa na maji tu na mikoko, na mpunga wa kuamia, yaani kufukuza ndege kutwa nzima. Nilikuwa nimefika huko mara kadhaa na nilipapenda kama mtu anavyopenda mahali pa kutembelea.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwenyewe yupo. Aulizwe. Mwali anasemaje?"

Bi Tatu akaingia, akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa amevaa kanga mpya. "Mwali, watu wa heri wamekuja. Umewasikia. Unasemaje?"

Nikamshika mkono. "Mwambie baba sitaki. Mwambie nataka kurudi shule. Bi Tatu, nakuomba, mwambie hivyohivyo."

Alinitazama. Nina hakika alinionea huruma, na nina hakika hakuwaza hata kidogo kufanya nililomwomba. Kwake yeye, msichana kusema hataki mbele ya posa ni kama kikohozi, kinakuja, kinapita. Akaniweka sawa kanga kichwani, akatoka.

"Mwali kanyamaza," akatangaza kibarazani. "Kainamisha kichwa."

Sote tulijua maana yake. Msichana akinyamaza amekubali. Mshenga akasema, "Alhamdulillahi," na uani bibi akaachia kigelegele.

Sikupanga nililofanya. Kama ningepanga nisingeweza. Nilisimama, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa sana miguu haikunishika, nikaegemea kiwambaza cha upande wa kibaraza. Sauti ilitoka imekwaruza, kubwa kuliko nilivyotaka.

"Baba, sikunyamaza! Nimesema sitaki!"

Kigelegele kilikatika. Kikombe kiliwekwa chini kibarazani, nikakisikia kikigusa sahani. Hata kuku wa uani nadhani walikoma. Nilitambua nimeharibu kila kitu. Uali umevunjika, baba ameaibika mbele ya wageni, na pengine ningewekwa ndani upya, safari hii bila ufa. Nilikaa chini nikajifunika kanga uso mzima.

Baba akakohoa. "Bi Tatu," alisema taratibu, "masikio yangu leo si mazuri. Nimeshinda kwenye vumbi la korosho tangu asubuhi. Mimi sijasikia sauti yoyote kutoka ndani. Nyinyi, jamaa, mmesikia?"

Mshenga alikuwa mtegoni. Angesema amesikia, angekuwa amekiri kwamba amesikia sauti ya mwali wa mtu, na aibu ingekuwa yao wote. "Hatujasikia," akasema mwishowe. "Upepo tu."

"Basi, Bi Tatu, mimi jibu lako la kwanza halikunifikia vizuri. Hebu rudi ukamuulize tena. Na atakalokwambia niletee lilelile, kama lilivyo. Usinipambie."

Pazia lilifunguka. Bi Tatu akaingia. "Umeniua, mwali," alinong'ona. "Umeniua mbele za watu." Akachuchumaa. "Unasemaje?"

Nikamwambia tena. Hakuniweka sawa kanga safari hii. Alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, nikaona mgongo wake ukipanda na kushuka. Nilifikiri hatasema.

"Mwali anasema hataki," alisema. "Anasema anataka kurudi shule." Nikadhani amemaliza, kumbe bado. Ilikuwa kama mtu aliyefungua gunia likamshinda kufunga. "Anasema mwalimu kasema asiporudi siku ya kufungua, nafasi anapewa mwingine. Anasema chumba kina joto. Anasema kichwa kinamuuma. Alisema gunia litolewe dirishani, alisema zamani, mimi sikukwambia. Anasema usiku anamlilia mama yake." Hilo la mwisho sikuwahi kumwambia. Alikuwa amelisikia mwenyewe.

Wageni walimaliza kahawa yao, kwa kuwa walikuwa watu waungwana, wakaaga, wakasema wamesikia. Lakini msidhani nilitoka jioni ile. Bibi alimtuma Bi Tatu kibarazani na maneno mafupi: posa imekwenda, mila haiendi, mwali hatolewi kabla ya mpunga kuvunwa. Bi Tatu aliyafikisha kama yalivyo. Baba alikuwa amekwisha kumnyima mkwewe jambo moja mbele za watu, na asingeweza kumnyima la pili. Alikubali. Alichoweza ni kuondoa gunia dirishani kwa mkono wake kutoka nje, bila kutazama ndani. Shule ikafunguliwa bila mimi. Zaituni akaenda darasa la juu na mtoto mwingine akakaa kwenye benchi langu. Baba alikwenda kusema na mwalimu, nikapewa nafasi ya mwaka uliofuata, pamoja na watoto niliowapita umri. Nililia zaidi kwa hilo kuliko kwa posa, maana posa sikuiona uso, lakini darasa langu nililisikia likinipita kila asubuhi njiani.

Mpunga ukavunwa. Nikatolewa kwa ngoma na shangwe kama inavyotakiwa, nimevikwa kanga mpya, mwanga ukiniumiza macho. Watu walipotawanyika, baba alikuja akasimama mbele yangu. Nilimwona amepungua, na mvi zimemwota kwenye ndevu. Hakukuwa na pazia tena kati yetu, wala kiwambaza, na hakuna aliyekatazwa kusema na yeyote.

"Mwanangu," akasema, "sasa niambie mwenyewe. Unasemaje?"

Nilikuwa na mengi. Nilifungua kinywa, midomo ikacheza, na sauti haikutoka hata ya kunong'ona. Baba alingoja. Nami, aibu ikinijaa, nikageuka kumtafuta Bi Tatu anisemee.